Acheni Vitabu Vichakae

Kitabu kipya kuliko vyote nilivyovishika mwaka huu kilichapwa miaka 12 iliyopita. Nilikitoa kwenye kabati la shule moja ya msingi, nikakifungua katikati, na kurasa zikaachana kwa ule mlio mdogo wa karatasi ambazo hazijawahi kuguswa na mtu. Kilikuwa kitabu cha hadithi, Kiswahili chake safi, picha za rangi, ukubwa wa kuenea mikononi mwa mtoto wa darasa la nne. Mhuri wa shule ulikuwa mahali pake. Namba ya leja iliandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa mtu makini. Mtoto aliyekuwa darasa la nne siku kitabu hicho kilipoingia kabatini leo ni mtu mzima, pengine ana mtoto wake mgongoni. Hakukisoma.

Nataka nikueleze, ndugu msomaji, nilivyofika mbele ya kabati lile. Ni habari ya siku moja ya kazi na haina kishindo, lakini ndani yake kuna jambo ninalokuomba, na siwezi kuliomba vizuri bila kukupitisha njia niliyopita.

Mimi ni mkutubi wa chuo, na kwa kipindi hiki wenzangu wamenipa dhamana ya kuongoza chama cha wakutubi. Uongozi huu hauna mshahara. Chama kinaishi kwa ada za wanachama, na ada zikichelewa, nauli ya kwenda kumsikiliza mwenzetu aliye mbali inatoka mifukoni mwetu. Mambo ya chama hufanywa kabla ya saa mbili asubuhi, wakati wa chakula cha mchana, na baada ya saa kumi jioni. Silalamiki. Nilikubali mwenyewe na ningekubali tena kesho. Nakuambia haya ujue kwamba wanaozisemea maktaba zetu ni wachache, na sauti moja ya raia ikiongezeka inasikika mbali kuliko mwenye sauti anavyodhani.

Siku hiyo ujumbe wa kwanza uliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa nasubiri chai ichemke. Ulitoka kwa binti mmoja aliyesomea ukutubi Bagamoyo, ambaye sasa anafanya kazi katika halmashauri moja mbali na pwani. "Shikamoo mama. Wamenihamishia masjala kuanzia jana. Ufunguo wa maktaba amekabidhiwa mtu wa stoo. Nifanyeje?"

Nilimpigia badala ya kumwandikia. Mtu aliyeondolewa kwenye kazi aliyoisomea anahitaji kusikia sauti ya mwenzake. Alilia kidogo, akaomba radhi kwa kulia, kisha akanieleza jambo lililoniuma zaidi. Kuna vijana watatu wa sekondari waliokuwa wakija kila siku saa tisa na nusu kusoma fizikia. Jana yake walikuja wakakuta kufuli, wakakaa barazani na madaftari yao mapajani mpaka jua likazama. Hawakuambiwa na mtu kwamba mlango hautafunguliwa.

Mambo haya tunayajua sana katika taaluma yetu. Kazi ya mkutubi haionekani kwa anayepita mlangoni. Anamwona mtu amekaa kimya, vitabu vimesimama kwenye rafu, basi anasema huyu hana shughuli, apelekwe panapopungukiwa watu. Haoni kwamba kimya kile kimetengenezwa. Kuna mtu aliyechagua kitabu hiki akaacha kile, akakipa namba ili kikae jirani na ndugu zake, akakumbuka kwamba yule kijana wa juzi aliuliza habari za ufugaji wa kuku, akamwekea kando kitabu kilichoingia leo. Ukimwondoa mtu huyo, vitabu vinabaki palepale na maktaba inaondoka naye.

Kabla ya kwenda kazini nilimwandikia mwajiri wake. Niliandika kwa adabu, nikaeleza mkutubi hufanya nini toka asubuhi hadi jioni, nikapendekeza kwamba kama masjala ina upungufu, basi binti akae masjala asubuhi na afungue maktaba kuanzia saa nane mchana. Barua za namna hii ndizo sehemu kubwa ya uongozi wangu. Nyingine hujibiwa, nyingine hazijibiwi. Nilichogundua ni kwamba zinazojibiwa upesi ni zile ambazo, wiki hiyohiyo, mzazi au diwani naye ameuliza swali lilelile.

Saa nne simu ilitoka ng'ambo. Kundi la Watanzania wanaoishi Ulaya wamekusanya vitabu na wanataka kujaza kontena. Nilifurahi, nikawaambia nimefurahi, maana nia yao ni njema kabisa. Kisha nikauliza ni vitabu gani. Ensaiklopidia za zamani, vitabu vya kiada vya mitaala ya huko, riwaya za watu wazima. Niliwaomba jambo ambalo nakuomba wewe pia, ukiwa Maskati, London, Toronto au popote ulipo na una moyo kama wao: uliza kwanza. Iombe shule au maktaba orodha ya vitabu inavyovihitaji. Fedha ya kusafirishia kontena inaweza kununua vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na kuchapwa hapahapa, na ikabaki ya kuvifikisha kijijini. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, ulituonyesha njia hiyo mapema: kuwaunga mkono waandishi, wachoraji na wachapishaji wa hapa, kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Mtoto anayekutana na kitabu chenye mwembe, daladala, na bibi anayefanana na bibi yake, habembelezwi kufungua ukurasa wa pili.

Mchana niliomba ruhusa kazini nikapanda daladala kwenda shuleni. Njiani nilikuwa namfikiria mtu ambaye kila mwanafunzi wa ukutubi humsoma mwaka wa kwanza, S. R. Ranganathan. Alikuwa mwalimu wa hisabati nchini India, na mwaka 1924 akawa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Mwaka 1928 yeye na wenzake walianzisha Chama cha Maktaba cha Madras, yeye akiwa katibu wake. Mwaka 1931 chama hicho kikachapisha kitabu chake cha sheria tano za ukutubi. Sheria ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa. Mtu anaweza kuiona nyepesi mno mpaka asome anavyoieleza. Anarudi nyuma hadi Ulaya ya karne za kati, ambako vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, kwa kuwa mtunzaji alipewa jukumu la kuhakikisha havipotei. Kuhakikisha vinasomwa halikuwa jukumu la mtu yeyote.

Chama chake hakikuishia kuchapisha. Kiliendelea kudai sheria ya maktaba za umma, na mwaka 1948 Madras ikaipata. Miaka 20 ya barua na vikao. Nikichoka huwa naihesabu miaka hiyo kimoyomoyo.

Shule niliyokuwa naiendea iko nje kidogo ya jiji. Aliyetuita ni mwenyekiti wa kamati ya shule, mama mmoja muuza mboga mwenye wajukuu wawili pale. Alitupigia akasema: vitabu tunavyo, watoto hawavioni, njooni mtushauri. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniletea kiti na maji ya kunywa, tukasalimiana na kuulizana habari za nyumbani, kisha akanipeleka stoo. Kabati la chuma, kufuli mbili. Rafu nne zimejaa. Hapo ndipo nilipokitoa kile kitabu na kukisikia kikifunguka kwa mara ya kwanza.

"Mbona havitoki, Mwalimu?"

Alikaa juu ya mfuko wa saruji uliokuwa pembeni. "Mama, nikuambie ukweli. Kikiwa humu, kipo. Kikitoka, ni deni langu."

Akanieleza. Katika shule aliyofundisha zamani, mwalimu mwenzake aliwaazima watoto vitabu wakaenda navyo nyumbani. Ukaguzi ulipofika vikahesabiwa, vikapungua. Mwenzake akaandika barua ya kujieleza, akaandika ya pili, na hatimaye akalipa kwa mshahara wake. Vitabu vingine vililowa mvua, kimoja kilichanwa na mdogo wa mwanafunzi, kingine mbuzi alikila. Leja haina safu ya mvua wala ya mbuzi. Ina safu ya vilivyopokelewa, vilivyotolewa na vilivyobaki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alimwona mwenzake akiumwa mbele ya macho yake.

Nakuomba umsikilize kama nilivyomsikiliza, bila haraka ya kumlaumu. Mwalimu huyu anawapenda wanafunzi wake. Tulipotoka stoo aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, akajua nani mama yake anaumwa na nani hakuja jana. Sisi ndio tumempa swali moja tu la kujibu. Kila anayefika pale na kalamu na fomu anamuuliza vitabu viko vingapi. Tangu aanze kazi hakuna aliyemuuliza vimesomwa mara ngapi. Amefanya ambalo wengi wetu wenye watoto wa kulisha tungelifanya: amelinda hesabu.

Kitabu cha mtoto kikisomwa kweli kinachakaa. Pembe zinajikunja, jalada linachanika, katikati ya hadithi panaingia alama ya kidole chenye mafuta ya maandazi. Baada ya miaka mitatu, minne, ya mikono midogo, mgongo unaachia na kurasa zinaanza kutoka. Kitabu hicho kimemaliza kazi yake, na kimeimaliza vizuri. Taratibu za mali ya umma zinaijua hali hii: kitu kilichochakaa kwa matumizi hukaguliwa, huombewa kibali, hufutwa kwenye leja. Dawati linafutwa. Jembe la shamba la shule linafutwa. Kitabu nacho kinaweza kufutwa. Kinachokosekana ni mkubwa mmoja wa kumwambia mwalimu, kwa maandishi yenye mhuri, kwamba hatadaiwa kwa kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nimetoka kwenye vitabu vilivyochakaa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata zikafunguliwa maktaba ndogo za vijijini ili aliyejifunza kusoma asisahau. Mama yangu alijifunza kusoma katika madarasa hayo, jioni, akiwa na mimba ya kaka yangu. Vitabu vya kijiji vilikaa katika sanduku la mbao nyumbani kwa katibu, na mimi nilipofikia umri wa kuvishika havikuwa na majalada tena. Vilishonwa kwa uzi wa gunia. Kimoja cha kilimo cha pamba kilianzia ukurasa wa 9. Nilikisoma hivyohivyo, toka ukurasa wa 9, mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo najua kupanda pamba ingawa sijawahi kuilima. Kama katibu wa kijiji angelilinda sanduku lile kwa kufuli mbili, sijui leo ningekuwa nani.

Kwa hiyo hatuombi kitu kigeni katika nchi hii. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, madaktari na wahandisi wetu wakihesabika kwa vidole. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru. Waliotutangulia walikuwa na mahitaji mengi kuliko sisi na fedha chache kuliko sisi, wakaona bila vitabu mikononi mwa watu uhuru wenyewe utapwaya. Jirani zetu wa Kenya nao, mwaka 1996, waliwapakia ngamia masanduku ya vitabu kule Garissa ili viwafuate wafugaji wanakohamia. Walilijua jua la kule na vumbi lake. Walipakia hata hivyo.

Turudi stoo. Tulikaa, mwalimu mkuu, yule mama mwenyekiti, mjumbe mmoja wa kamati na mimi, tukazungumza karibu saa mbili. Mwalimu alikuwa tayari kufungua, ila hakutaka kubeba mzigo peke yake, na nilimwona ana haki. Ndipo mwenyekiti akasema neno ambalo mimi na vyeti vyangu sikuwa nimelifikiria. "Basi deni liwe letu sote." Kamati ikaandika muhtasari: kwa muhula wa kwanza, kitabu kikichanika au kupotea, jukumu ni la kamati nzima, na mwalimu hataulizwa peke yake. Mimi nikaahidi kwamba chama kitamwandikia afisa elimu kuomba maelekezo ya maandishi kuhusu kufuta vitabu vilivyochakaa, na kwamba mmoja wetu atakuja kumfundisha mwalimu wa Kiswahili kuendesha daftari la kuazima. Mwalimu mkuu alisaini mwisho. Alishika kalamu muda mrefu kabla ya kusaini.

Sasa nije kwako. Karibu na unapoishi kuna shule, na inawezekana kabisa ndani yake kuna kabati kama lile. Nenda, hata kama huna mtoto pale. Msalimie mwalimu mkuu, muulize vitabu vya hadithi vinatoka siku gani. Akikuambia havitoki, usipandishe sauti. Muulize anachokihofia, kisha ukae naye. Jibu lake lipeleke kwenye kamati ya shule, na kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, ambako una haki ya kusimama na kusema kama raia mwingine yeyote. Mwambie diwani wako kwamba kata inataka mkutubi. Mwambie mapema, kwa maana mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na mipango ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, na jambo ambalo halikutajwa wakati huo litangoja mwaka mwingine mzima huku watoto wakikua.

Kama wewe ni mkaguzi, una uwezo mkubwa kuliko sisi sote. Ukimaliza kuhesabu vitabu, omba kuona daftari la kuazima. Likiwa tupu, liandike hilo kwenye taarifa yako kwa uzito uleule ambao ungeandikia vitabu vilivyopungua. Swali hilo moja, likiulizwa shule kumi, litafungua makabati mia, maana walimu huambiana. Kama umestaafu, unajua kusoma kwa sauti na una mchana mmoja wa bure kwa wiki, kuna watoto wanaokusubiri bila kujua kwamba wanakusubiri. Na kama wewe ni mkutubi mwenzangu uliyekata tamaa, umekaa masjala unafungua mafaili na hujalipa ada miaka kadhaa, nakuomba urudi. Hatutaanza kwa kukudai. Tunataka kujua uko wapi, ili barua yako iandikwe.

Jioni nilipofika nyumbani nilikuta ujumbe wa mwanafunzi wa chuo asiyeona, akiuliza kama tumepata kitabu chake cha sheria katika muundo ambao kompyuta inaweza kumsomea. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, ambao unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa vya nukta nundu, vya sauti au vya maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ruhusa ipo, anayepaswa kukaa na kuifanyia kazi ndiye bado. Nilimjibu ukweli: kurasa 80 za kwanza zimekamilika, nyingine zinaendelea usiku huu nyumbani kwa mwenzetu mmoja wa kujitolea. Alinijibu "Asante mama, nitaanza na hizo."

Binti wa masjala naye aliandika kabla sijalala. Barua yangu ilikuwa haijajibiwa. Lakini wale vijana watatu wa fizikia walikuwa wamekwenda kwa baba wa mmoja wao, na baba huyo ameahidi kulifikisha suala hilo kwa diwani Jumatatu.

Ijumaa hii saa nane mchana nitakuwa tena kule shuleni. Tunabeba sindano kubwa, uzi wa nailoni na gundi, na fundi cherehani wa jirani ameahidi vipande vya kitambaa vya kuimarishia migongo ya vitabu, ili wazazi wajifunze kuvishona siku vitakapoanza kuachia. Daftari la kuazima limekwisha kuchorwa mistari. Kile kitabu cha hadithi kimewekwa juu kabisa ya rundo, na mwalimu wa darasa la nne amesema hatachagua mtoto wa kukichukua. Atafungua mlango tu, watakaofika kwanza watapanga foleni.